Mbwa wa kazi, mnyama wa faraja: ubishi wa ndani ya ndege unaotuchanganya

Picha ya yule tausi imerudi tena kwenye simu za watu. Tausi mzima, shingo ya buluu, mkia mrefu, yuko katikati ya abiria katika uwanja wa ndege wa Marekani, na maelezo chini yake yanasema mwenyewe alitaka kupanda naye ndege kwa sababu humtuliza moyo. Katika makundi ya WhatsApp ya hapa Mwanza picha hiyo haikai dakika tano bila ubishi. Mmoja atasema wazungu wamekosa la kufanya. Mwingine atauliza mbona yeye alizuiwa na kuku wawili aliokuwa anampelekea mkwe Dar. Wa tatu atadai siku hizi kule ukiwa na cheti unapanda hata na nyoka. Na hakosekani mtu wa kuandika kwamba mwenye tausi apelekwe Mirembe.

Hilo la Mirembe linaniuma, na ndilo lililonisukuma kuandika. Hospitali ile ya magonjwa ya akili ya Dodoma inatibu watu wetu, ndugu zetu wa damu, na kuigeuza tusi kunawafanya wengi waogope hata kusema kwamba usiku hawalali. Halafu ubishi wenyewe unachanganya mambo mawili yenye tofauti kubwa: mbwa wa kazi na mnyama wa faraja. Mchanganyiko huohuo ndio uliowasumbua Wamarekani kwa miaka mingi, hadi serikali yao ikalazimika kuandika kanuni upya. Tuyatenganishe taratibu.

Tuanze na tausi, maana habari yake inasimuliwa vibaya. Alikuwa anaitwa Dexter. Ilikuwa Januari 2018, uwanja wa Newark, jimbo la New Jersey. Mwenyewe alisema ni mnyama wake wa faraja na alikuwa tayari kumlipia kiti. Shirika la United Airlines likakataa, likitaja ukubwa na uzito wake. Wengi wanaosambaza picha hiyo wanaamini tausi alipanda. Hakupanda.

Sasa maneno. Mnyama anayesafiri na abiria huwa katika moja ya hali tatu. Kuna mnyama wa kufugwa tu: paka wako, mbwa wako wa nyumbani. Unampenda, unahama naye, basi. Kuna mnyama wa kazi, ambaye karibu mara zote ni mbwa. Huyu amefunzwa kufanya jambo mahususi ambalo mtu mwenye ulemavu hawezi kulifanya mwenyewe, au hulifanya kwa taabu. Kisha kuna mnyama wa faraja. Hakufunzwa kazi yoyote, ila kuwepo kwake kunampunguzia mwenyewe wasiwasi, huzuni au upweke, na daktari au mshauri wa afya ya akili amelithibitisha hilo kwa barua.

Chukua wodi ya Bugando. Mgonjwa amelala, na watu wawili wanamsaidia kupona. Nesi anajua kuweka dripu, anajua dawa ya saa nne, anajua dalili za hatari, ndiyo maana anaingia wodini saa yoyote. Dada wa mgonjwa naye amekuja na uji kwenye chupa ya chai, amekaa pembeni ya kitanda, amemshika mkono. Hajui dripu. Lakini mgonjwa akimwona uso unafunguka, na hakuna daktari atakayesema huyo dada hana faida. Hata hivyo dada huingia saa ya kuona wagonjwa, na kengele ikilia anatoka. Mbwa wa kazi ni nesi. Mnyama wa faraja ni dada. Ugomvi wote wa Marekani ulikuwa huu: je, dada aruhusiwe kuingia wodini kwa masharti ya nesi?

Watu wa huku hudhani mbwa wa kazi ni yule wa kumwongoza asiyeona tu. Kweli huyo ndiye wa zamani zaidi. Shule ya mwanzo ya kuwafunza ilifunguliwa Oldenburg, Ujerumani, mwaka 1916, kwa ajili ya askari waliopofushwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Ila kazi zimeongezeka. Yuko mbwa anayemtahadharisha kiziwi mlango ukigongwa au king'ora kikilia. Yuko anayemwokotea fimbo mtu asiyeweza kuinama. Na yuko mbwa wa mtu mwenye maradhi ya akili. Hapo ndipo wengi hupotea, kwa hiyo nikae kidogo.

Askari amerudi kutoka vitani na kiwewe. Usiku anaota milipuko, anapiga kelele, anatupa mikono. Mbwa wake amefunzwa kuitambua hali hiyo: anawasha taa kwa kubonyeza swichi kwa pua, kisha anamsukuma kwa kichwa mpaka aamke. Mchana, katika foleni, mbwa anasimama nyuma yake ili asipatwe na hofu ya mtu kumsogelea kwa ghafla. Hofu kali ikimpanda akaanza kutetemeka na kukosa pumzi, mbwa anapanda mapajani na kumlalia kwa uzito wake wote, na uzito huo humrudisha mtu katika hali yake. Anaweza pia kwenda kumletea kichupa cha dawa. Kila moja ya hizo ni kazi. Mbwa amefunzwa aone dalili fulani na afanye tendo fulani, leo na kesho, hata palipo na kelele.

Wanaodhani mnyama hawezi kufunzwa kiasi hicho wakumbuke Morogoro. Pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO linawafunza panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na kutambua vimelea vya kifua kikuu katika makohozi. Mmoja wao, Magawa, alifunzwa hapa nchini akapelekwa Kambodia, akagundua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100, na Septemba 2020 akapewa nishani ya dhahabu na shirika la wanyama la PDSA la Uingereza. Magawa na panya wa stoo ya mahindi ni wa jamii ya wanyama wagugunaji wote wawili, lakini hakuna atakayewahesabu kuwa kitu kimoja. Kinachowatenganisha ni mafunzo.

Nimelirefusha hili kwa sababu kanuni zote za leo zinasimama juu ya swali hilo moja: mnyama huyu amefunzwa kufanya nini?

Ilikuwaje basi Marekani ikafika kwenye tausi? Mwaka 1986 walitunga sheria inayokataza mashirika ya ndege kuwabagua abiria wenye ulemavu. Chini ya sheria hiyo mbwa wa kazi alisafiri pamoja na mwenyewe bila nauli, na baadaye kanuni zikamweka mnyama wa faraja katika fungu hilohilo. Masharti yalikuwa mepesi: barua ya mtaalamu wa afya ya akili isiyozidi mwaka mmoja, na taarifa ya saa 48 kabla ya safari. Mashirika yaliruhusiwa kukataa nyoka, buibui, panya na wengine wa aina hiyo. Kwa hiyo yule anayesema ukiwa na cheti unapanda na nyoka hakuwa sahihi hata wakati ule.

Angalia kilichofuata. Abiria wa kawaida aliyetaka kuingia na mbwa wake ndani ya ndege alilipa dola 100 na zaidi kwa safari ya upande mmoja, na mbwa awe mdogo wa kuingia kwenye begi. Mwenye barua ya faraja hakulipa hata senti, na mbwa wake angeweza kuwa mkubwa. Ukiwapa watu milango miwili, mmoja wa kulipia na mwingine wa bure, unajua utakaojaa. Zikazuka tovuti zilizouza barua: unajibu maswali machache kwenye simu, unalipa, unapata barua yenye saini ya mtu ambaye hajawahi kukuona. Wengine waliuza hadi vizibao vya kumvisha mbwa na "vyeti vya usajili". Hebu tuliseme wazi: Marekani haina daftari la serikali la kusajili mbwa wa kazi wala wanyama wa faraja. Kila "cheti cha usajili" kilichouzwa hivyo kilikuwa karatasi tu.

Umoja wa mashirika makubwa ya ndege ya huko ulieleza kwamba wanyama wa faraja waliosafirishwa walitoka 481,000 mwaka 2016 hadi 751,000 mwaka 2017. Mwaka mmoja tu. Shirika la Delta lilisema Januari 2018 kwamba matukio ya wanyama kukojoa, kung'ata na kufanya fujo ndani ya ndege zake yalikuwa yamepanda kwa asilimia 84 tangu 2016. Lililowashtua watu zaidi lilitokea Juni 2017, ndege ikiwa bado uwanjani Atlanta: mbwa mkubwa wa faraja aliyekaa mapajani mwa mwenyewe alimrarua usoni abiria wa kiti cha dirishani, ambaye hakuwa na pa kukimbilia.

Lakini mtu ninayemfikiria zaidi katika habari hii ni asiyeona mwenye mbwa mwongozaji. Mbwa wake amefunzwa kwa muda mrefu, analala miguuni kimya, habweki, hagusi chakula cha jirani. Anapita kwenye njia ya ndege, ghafla mbwa asiyefunzwa, mwenye kizibao cha kununua, anamrukia. Mbwa mwongozaji akishambuliwa anaweza kupata woga asiweze tena kufanya kazi, na mwenyewe amepoteza macho kwa mara ya pili. Hata bila kung'atwa alikuwa anaumia. Wahudumu waliochoshwa na mbwa bandia walianza kumtazama kila mwenye mbwa kwa jicho la shaka. Asiyeona akawa anahojiwa kama mdanganyifu kwa makosa ya watu waliokwepa dola 100. Vyama vya watu wenye ulemavu vyenyewe vilikuwa miongoni mwa waliotaka utaratibu urekebishwe, japo havikukubaliana vyote kuhusu namna ya kuurekebisha.

Tarehe 2 Desemba 2020 Wizara ya Uchukuzi ya Marekani ikatangaza kanuni mpya, zikaanza kutumika 11 Januari 2021. Mnyama wa kazi, kwa safari za ndege, ni mbwa tu, aliyefunzwa kufanya kazi kwa ajili ya mtu mwenye ulemavu. Mnyama wa faraja hahesabiki tena kuwa wa kazi. Shirika linaweza kumtaka abiria ajaze fomu za afya, tabia na mafunzo ya mbwa, na kama safari ni ya saa nane au zaidi, aeleze kwamba mbwa hatajisaidia ndani ya ndege au ana njia safi ya kujisaidia. Mbwa afungwe kamba na aenee katika nafasi ya miguu ya mwenyewe. Abiria mmoja asizidishe wawili. Na shirika haliwezi kumkataa mbwa kwa sababu ya aina yake tu, kwamba eti aina hii ni kali. Anapimwa kwa tabia yake mwenyewe.

Hapa kuna uvumi wa kuuondoa. Inasemekana Marekani imepiga marufuku wanyama ndani ya ndege. Si kweli. Paka au mbwa wa faraja bado anaweza kusafiri, ila kama mnyama wa kufugwa: kwa malipo, ndani ya begi lake chini ya kiti, kwa masharti ya shirika husika. Inasemekana pia wagonjwa wa akili wamenyang'anywa haki. Hapana. Mbwa wa yule askari niliyemweleza yumo ndani ya kanuni kwa haki sawasawa na mbwa wa asiyeona. Wala kanuni hazikulazimisha afunzwe na shule ya gharama. Mwenyewe anaruhusiwa kumfunza nyumbani, mradi kazi iwepo na adabu iwepo.

Je, kuna walioumia kweli? Wapo. Mtu mwenye sonona aliyekuwa akimudu safari ya kwenda kumwona mama yake kwa sababu mbwa wake mkubwa yuko miguuni, sasa mbwa huyo haingii kwenye begi. Atakwenda sehemu ya mizigo, au atabaki nyumbani, na pengine mwenyewe atabaki pia. Siwezi kulipuuza hilo. Na faraja ya mnyama haijabuniwa na mtu: mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington walichapisha kwamba wanafunzi waliowashika na kuwapapasa paka na mbwa kwa dakika 10 tu walikutwa na kiwango cha chini cha homoni ya msongo kwenye mate yao. Yeyote aliyelea mbwa atakubali bila utafiti.

Pamoja na hayo, naona kanuni mpya ni ya haki. Ndege ni chumba kimoja kilichofungwa, na ukishaingia huwezi kushuka Shinyanga. Faraja ya mmoja haiwezi kuwa hofu ya wengine 70 wasio na pa kwenda. Mbwa aliyefunzwa ametoa dhamana kwa tabia yake. Asiyefunzwa anaweza kuwa malaika sebuleni kwenu na akawehuka injini zikinguruma, masikio yakiziba na mtoto akipiga kelele kiti cha nyuma. Si kosa lake, hakuna aliyemwandaa.

Kuna sababu nyingine ambayo sisi wa kanda ya ziwa hatuhitaji kuelezwa mara mbili. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka ziwani karibu kabisa na uwanja wa Bukoba. Walikuwemo watu 43. 19 walifariki, na wavuvi na mitumbwi yao ndio waliofika mwanzo. Tangu siku ile, mhudumu akisema njia ya kutokea iwe wazi, watu wa huku wanasikiliza kwa moyo mwingine. Sharti la mbwa kuenea miguuni mwa mwenyewe, asizibe njia, asilale mbele ya mlango wa dharura, watu wanaweza kuliona kama ukali wa makaratasi. Mimi siwezi.

Tuje kwenye "mizigo", neno linalowatisha wafugaji. Wengi wanaamini mnyama akiwekwa tumboni mwa ndege anakosa hewa na kuganda. Katika ndege kubwa za abiria, sehemu inayotengwa kwa wanyama hai ina mgandamizo wa hewa kama wa chumba cha abiria na joto lake hudhibitiwa. Vinginevyo hakuna kiumbe angefika. Masanduku ya kusafirishia yana viwango vyake vya kimataifa vilivyowekwa na umoja wa mashirika ya ndege, IATA: mnyama aweze kusimama, kugeuka na kulala, na hewa ipite. Hatari ipo, ila ipo mahali pengine. Ipo kwenye jua la uwanjani sanduku likisubiri kupakiwa, na ipo kwa mbwa wa pua bapa, ambao hupumua kwa shida hata wakiwa wazima, ndiyo maana mashirika mengi huwakataa. Abiria wa Mwanza anayesafiri na boksi lake la sato walioganda, limefungwa gundi ya karatasi pande zote, anajua jinsi kuchelewa kupakia kunavyoweza kuharibu mzigo. Mwenye mbwa ana sababu zaidi ya kuuliza mapema ndege inaondoka saa ngapi na mnyama atakaa wapi mpaka hapo.

Duniani kwingine kila nchi imechora mstari wake. Umoja wa Ulaya una kanuni ya mwaka 2006 inayompa mbwa msaidizi anayetambuliwa nafasi ndani ya ndege bila malipo. Mnyama wa faraja hakuwahi kupewa hadhi hiyo. Uingereza ni vivyo hivyo. Na Ghuba, ambako Watanzania wengi hupitia wakienda kwingine, kuna jambo lingewashangaza wanaomcheka tausi: shirika la Qatar Airways huruhusu kozi, yule ndege wa kuwindia, kukaa ndani pamoja na abiria, na Emirates nalo humruhusu katika baadhi ya safari kati ya Dubai na Pakistani. Kwao kozi ni heshima ya karne nyingi. Kwa hiyo mnyama anayeonekana kituko katika ndege moja, katika nyingine ana tiketi.

Kwetu je? Tuseme ukweli kuhusu mbwa. Usukumani mbwa ni mlinzi wa boma na mwenzi wa mchungaji. Anaheshimiwa kwa kazi yake lakini haingii ndani ya nyumba. Kwa Waislamu wengi wa hapa, wanaofuata madhehebu ya Shafii, mate ya mbwa ni najisi, na akikugusa na umajimaji una kazi ya kutwaharisha. Abiria anayesogea pembeni akimwona mbwa si lazima awe na roho mbaya. Pengine anafikiria swala ya adhuhuri. Wengine wana mzio wa manyoya. Na wote tunaijua hofu ya kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao dalili zikishajitokeza karibu hakuna anayepona. Kanuni za Marekani zimeliona hili la majirani: mzio au woga wa abiria mwingine si sababu ya kumteremsha mwenye mbwa wa kazi, lakini shirika linaweza kuwapangia viti vilivyo mbali na mwenzake. Nadhani hata kwetu lingetosha. Anayetaka kusogezwa asogezwe kwa adabu, bila maneno.

Mbwa waongozaji ni adimu sana hapa nchini. Asiyeona wa kwetu ana fimbo nyeupe, au mtoto wa ndugu aliyemshika bega, mara nyingi mtoto ambaye saa hiyo alipaswa kuwa darasani. Lakini wageni wenye mbwa wa kazi wanaweza kufika. Mwanza ni mlango mmojawapo wa kwenda Serengeti. Nasi tuna wajibu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara yake ya 20 inazitaka nchi zirahisishe upatikanaji wa vifaa na wasaidizi hai wa kumwezesha mtu kwenda aendako. Mwaka uliofuata, 2010, tukatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu inayokataza ubaguzi. Hakuna hata moja kati ya hizo inayomzungumzia tausi. Ila mgeni asiyeona akifika kaunta na mbwa wake, asiambiwe "mama, mbwa nje", kana kwamba amekuja naye kwa kujifurahisha.

Kwa msomaji anayetaka tu kuhama na mbwa au paka wake, kutoka au kuingia Tanzania: mpeleke kwa daktari wa mifugo mapema, apate chanjo ya kichaa cha mbwa na cheti chenye tarehe, kisha tafuta kibali cha mifugo, kwa sababu mnyama havuki mpaka kwa chanjo pekee, kisha ongea na shirika la ndege kabla ya kukata tiketi. Uliza kama wanachukua wanyama kwenye ndege ya njia hiyo. Ndege ndogo zinazotua mikoani huwa na nafasi finyu kuliko zile za masafa marefu. Kama una nchi ya kupitia katikati, masharti yake nayo yanakuhusu. Barua ya faraja iliyonunuliwa mtandaoni haitakusaidia popote katika safari hiyo, basi usitoe hela yako.

Na kwa wanaofanya kazi kaunta, hapa Mwanza, Bukoba, Musoma au kokote. Mfanyakazi wa shirika la Marekani akitaka kujua kama mbwa ni wa kazi, anaruhusiwa kuuliza maswali mawili: mbwa huyu anahitajika kwa sababu ya ulemavu? Na amefunzwa kufanya kazi gani? Haruhusiwi kumdadisi mtu ugonjwa wake. Mwenye mbwa wa kazi hulijibu la pili kwa sentensi moja, bila kusita, maana kazi hiyo anaiona kila siku: ananiongoza, ananiamsha, ananilalia nikipatwa na hofu. Maswali hayo mawili yanaenea kwenye kikaratasi kidogo kando ya kompyuta, na kuyaandika hakuhitaji kusubiri kanuni kutoka Dodoma.